Tochi za Rangi na Kazi Zake Pwani ya Mtwara

Kichujio cha tochi ni kipande cha kioo, plastiki au selofani yenye rangi kinachowekwa mbele ya lenzi ili sehemu ya mwanga ipite na nyingine izuiwe. Hakiongezi kitu. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na kichujio chekundu humeza bluu, kijani na njano, kikaiachia nyekundu peke yake itoke. Ndiyo sababu tochi iliyofunikwa huwa hafifu kuliko ilivyokuwa. Mwenye kukitumia anakubali hasara hiyo kwa kuwa kuna jicho fulani asilotaka kulisumbua: la kasa anayepanda ufukweni, la nyuki aliye mzingani, la komba aliye juu ya mti, au lake mwenyewe, ambalo baada ya dakika chache litahitaji kuona gizani bila tochi.

Kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, kati ya Mikindani na mdomo wa Mto Ruvuma, macho hayo yote yanakutana katika eneo dogo. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na ukubwa wa takribani kilometa za mraba 650. Ndani yake mna matumbawe, mikoko, fukwe ndefu za mchanga kama ule wa Msimbati, na vijiji ambavyo watu wake wengi hufanya kazi usiku. Mvuvi wa dagaa hutoka giza la mwezi linapoingia. Mwenye shamba la mpunga karibu na mto hulinda mazao yasiliwe na viboko na nguruwe pori. Wote hao hutumia tochi ileile ya dukani, nyeupe na kali, ambayo aliyeitengeneza hakumfikiria yeyote kati yao.

Tochi yenyewe imebadilika sana, na mabadiliko hayo yanagusa moja kwa moja habari ya vichujio. Tochi za zamani zilikuwa na balbu ya uzi wa chuma unaowaka kwa joto. Uzi huo hutoa nyekundu na njano kwa wingi, na bluu kidogo tu. Tochi za siku hizi hutumia LED, na LED nyeupe kwa kweli ni kipande kidogo kinachotoa mwanga wa bluu, kikapakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, njano na nyekundu kidogo. Jicho huuona mchanganyiko huo kuwa mweupe. LED ya bluu ndiyo iliyowachosha wanasayansi kwa muda mrefu, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walioiwezesha walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa mtumiaji wa kawaida maana yake ni hii: kichujio chekundu kilichofaa kwenye tochi ya babu huacha mwanga kidogo sana kikiwekwa kwenye tochi ya LED, kwa kuwa nyekundu ya kuchuja ni haba. Kichujio cha bluu ni kinyume chake. Kwenye balbu ya uzi kilikuwa karibu hakina kazi, lakini kwenye LED hutoa mwanga mwingi.

Wataalamu hupima rangi ya mwanga kwa urefu wa wimbi, kwa kipimo cha nanometa. Urujuani uko karibu na 400, bluu 450 hadi 490, kijani 500 na kitu hadi 560, njano karibu 580, na nyekundu kuanzia 620 hadi 700. Kila mnyama ana eneo lake katika mstari huo ambamo jicho lake ni kali, na eneo ambamo ni kama kipofu. Kichujio kizuri ni kile kinachopitisha rangi anayoiona mtu na asiyoiona, au anayoiona kwa shida, mnyama anayehusika.

Kwa binadamu, sehemu ya jicho inayohusika na usiku ni seli zenye umbo la vijiti. Seli hizi hazitambui rangi, lakini zinaweza kuona kwa mwanga mdogo mno, na ukali wake uko karibu na nanometa 500, yaani kijani kinachoelekea bluu. Zina udhaifu mmoja: mwanga mkali ukizipiga, kemikali iliyo ndani yake huvunjika, na huchukua dakika 30 hivi, pengine zaidi, kurudi katika hali yake. Mvuvi aliyekaa gizani nusu saa akiwa anaona ukingo wa mwamba na povu la mawimbi, akiwasha tochi nyeupe kwa sekunde chache kufungua fundo la kamba, anabaki kipofu kwa muda ambao chombo kinaweza kusogea mbali. Mwanga mwekundu wa zaidi ya nanometa 620 huzigusa seli hizo kidogo sana. Rangi yake huonwa na seli nyingine, zile za mchana, na fundo linaonekana huku uwezo wa kuona gizani ukibaki. Mabaharia, marubani na watazamaji wa nyota wametumia mbinu hii kwa miongo mingi. Sharti lake ni moja na husahaulika: nyekundu yenyewe iwe hafifu. Tochi nyekundu yenye nguvu nyingi hupofusha kama nyingine.

Nyekundu huficha mambo pia. Chochote chekundu kikiangazwa kwa mwanga mwekundu hupauka na kufanana na kitu cheupe. Damu kwenye nguo nyeupe huonekana kama doa la maji, na mstari wa kalamu nyekundu kwenye ramani hutoweka. Kwa mnunuzi wa pweza anayelipa ufukweni kabla ya alfajiri, noti ya shilingi 10,000, ambayo ni nyekundu, na ya 2,000, ambayo ni ya kahawia, zote hupauka na tofauti yao ya rangi hufa. Ile ya 1,000, kwa kuwa ni bluu, huwa nyeusi kabisa. Hesabu za pesa na majeraha ni vyema zikatazamwa kwa mwanga mweupe, hata kama jicho litalipa.

Matumizi yanayojulikana zaidi katika fukwe za hifadhi ni ya kasa. Aina mbili zinazoonekana sana katika maji haya ni kasa wa kijani na ng'amba. Jike hutoka majini usiku, hujikokota hadi juu ya alama ya maji makuu, hufukua mchanga kwa makasia ya mbele hadi mwili mzima ukae kwenye shimo, kisha kwa makasia ya nyuma huchimba kishimo chembamba cha mayai. Kasa wa kijani hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mara moja. Kuanzia anapotoa kichwa kwenye maji hadi anapoanza kutaga, jike ni mwoga kupita kiasi, na mwanga unaotembea mbele yake unatosha kumrudisha baharini bila kutaga. Yai la kwanza likishadondoka hubadilika. Hutulia, na si rahisi kukatisha kazi yake.

Jicho la kasa limeumbwa kwa ajili ya maji, ambako bluu na kijani ndizo rangi zinazofika mbali. Bluu, urujuani na kijani huziona vizuri sana. Nyekundu huiona kwa shida. Ndiyo sababu walinzi wa viota na watafiti duniani kote hutumia tochi nyekundu, na huko Florida nchini Marekani, ambako fukwe za kasa zimepakana na miji, miongozo ya taa za pwani hutaka mwanga wa zaidi ya nanometa 560, yaani kuanzia rangi ya kaharabu kwenda nyekundu. Nchini Tanzania shirika la Sea Sense, lililoanza kazi mwaka 2001, limekuwa likiwashirikisha wanavijiji wa pwani katika kulinda viota, na ulinzi wa namna hiyo hufanyika usiku kucha, mguu kwa mguu, juu ya mchanga uleule ambao kasa anaupanda.

Kichujio hakimpi mtu ruhusa ya kumkaribia kasa ovyo. Anayefuata alama za kasa, zile zinazofanana na za tairi la trekta lililotoka baharini, huzima tochi na kwenda kwa mwanga wa nyota. Huwasha nyekundu pale tu yai limeshaanza kutoka, akiwa nyuma ya mnyama, mwanga ukielekezwa chini kwenye kishimo na kiganja kikiwa juu yake kama kofia. Usoni mwa kasa hapaangazwi kwa rangi yoyote. Simu ndiyo adui mkubwa hapa, maana mwenye kichujio kwenye tochi husahau kwamba kamera yake inajiwasha yenyewe.

Watoto wa kasa wana shida tofauti. Mayai huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, na vifaranga hutoka mchangani usiku kwa pamoja. Wakiwa juu, huelekea upande wenye mwanga zaidi karibu na upeo wa macho. Katika ufuko wa giza upande huo ni bahari, ambayo huakisi mbalamwezi na nyota, huku vichaka na minazi vikiwa vyeusi nyuma yao. Taa ya nyumba, moto wa kambi au tochi nyeupe iliyosahaulika juu ya mashua hugeuza mambo: vifaranga hukimbilia nchi kavu, wakaliwa na kaa na kunguru au wakakaushwa na jua la asubuhi. Kwao hata nyekundu hupunguzwa hadi iwe ya kuangalia hatua tu, ili mlinzi asiwakanyage. Mwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na ufuko anaweza kupata nafuu kubwa kwa kufunika taa za nje kwa plastiki ya kaharabu na kuzielekeza chini.

Nyuma ya ufuko, kwenye mabaki ya misitu ya pwani, kuna jicho lingine. Komba wa Rondo ni miongoni mwa wanyama wa jamii ya nyani walio wadogo kuliko wote barani Afrika. Uzito wake ni gramu 60 hivi na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Jina amelipata kutoka uwanda wa Rondo mkoani Lindi, na alitambuliwa kitaalamu kuwa aina ya peke yake katika miaka ya 1990. Msitu wa Ziwani mkoani Mtwara ni mmojawapo wa misitu michache ambamo amepatikana. Nyuma ya jicho la komba kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake huwaka kama makaa tochi inapompata. Mtafiti hutumia mng'ao huo kumtafuta. Akishampata huweka kichujio chekundu, kwa kuwa mbele ya mwanga mweupe komba hugeuza uso, huruka tawi la mbali na kumwachia mtafiti majani. Chini ya nyekundu huendelea kula na kuita, na mlio wake ndio unaomtofautisha na komba wengine kuliko sura.

Mng'ao huohuo una faida nyingine ambayo wakazi wa kando ya Ruvuma hawahitaji kufundishwa. Macho ya mamba hurudisha mwanga wa tochi kama vitone viwili vya moto juu ya maji. Hapa kichujio hakifai. Anayefika mtoni usiku anataka mwanga mweupe, mkali, unaofika mbali, na anataka mamba ajulikane kabla yeye hajajulikana.

Warina asali ndio watu wenye sababu nzuri kuliko wote ya kuwa na kichujio chekundu, na wengi wao hutumia kitambaa chekundu tu kilichofungwa kwenye tochi. Nyuki wa Afrika ni mkali mchana, hivyo sehemu nyingi za Tanzania asali hurinwa usiku. Jicho la nyuki huona miale ya urujuanimno, bluu na kijani, lakini nyekundu kwake ni giza. Mwanasayansi Karl von Frisch alilionyesha jambo hilo kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1914: nyuki waliozoeshwa kufuata karatasi nyekundu waliichanganya na ya kijivu kilichokolea na nyeusi. Mzinga ukifunguliwa kwa tochi nyeupe, nyuki huurukia mwanga. Kama tochi ni ile ya kuvaa kichwani, mwanga huo uko katikati ya paji la uso wa mrinaji. Kwa nyekundu hawaoni pa kurukia. Wengi hutambaa juu ya masega na kuta za mzinga. Hilo halimwondolei mrinaji haja ya moshi na mavazi. Nyuki hunusa harufu ya hatari inayoachwa na mwenzao aliyechoma na huhisi mtikisiko wa tawi, na kwa hayo mawili hawahitaji macho.

Mfugaji wa kuku asiige. Kuku huiona nyekundu vizuri sana, na tochi nyekundu bandani humwonyesha kila kitu. Kinachomzidi nguvu ni bluu. Chini ya mwanga hafifu wa bluu kuku huona vibaya na hutulia, na mashamba makubwa hutumia taa za bluu wakati wa kukamata kuku wa kupeleka sokoni. Mwenye kuku ishirini wa kienyeji anaweza kufanya hivyohivyo kwa tochi ya LED na kipande cha plastiki ya bluu.

Kuhusu wadudu wa usiku, wengi wao huvutwa na urujuanimno, bluu na nyeupe, na kidogo sana na njano. Kichujio cha njano au kaharabu kwenye taa ya meza hupunguza nondo na kumbikumbi wanaojaa kwenye sahani. Anayetaka kumbikumbi wa kukaanga mvua za kwanza zinaponyesha ataacha taa yake nyeupe. Mbu ni habari nyingine. Mbu jike humtafuta mtu kwa pumzi, harufu na joto, na hakuna rangi ya tochi inayochukua nafasi ya chandarua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha hata kwamba mbu anayeeneza dengue, *Aedes aegypti*, akishanusa hewa ya ukaa inayotoka kinywani mwa watu, huelekea kwenye rangi nyekundu na ya chungwa.

Ndani ya maji kanuni hubadilika, kwa sababu maji yenyewe ni kichujio. Nyekundu humezwa ndani ya meta chache za kwanza. Mzamiaji aliyejikata kidole kwenye meta ishirini huona damu yake ikiwa na rangi ya kijani iliyofifia. Katika maji meupe ya bahari kuu, bluu ndiyo inayofika mbali zaidi. Katika maji yenye matope na majani yaliyooza, kama yale yanayomwagwa na Ruvuma baada ya mvua za Desemba hadi Aprili, bluu humezwa mapema na kijani ndiyo inayoshinda. Samaki wanaishi kwa hesabu hiyo. Silikanti, samaki wa kale ambaye kwa mara ya kwanza nchini Tanzania alinaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, huishi kwenye kina cha zaidi ya meta mia moja, na jicho lake linaona kwa ukali kwenye nanometa 478 na 485 tu, yaani bluu ileile inayobaki huko chini.

Kwa wavuvi wa dagaa, ambao wametoka kwenye karabai wakaingia kwenye LED na betri, taa ya kijani inaweza kuwa na maana katika maji ya mlangoni mwa mto. Lakini kuipata kwa kichujio ni kutupa umeme. Selofani ya kijani juu ya taa nyeupe huzuia sehemu kubwa ya mwanga ambao betri imeshaulipia, ilhali LED inayotoa kijani yenyewe hutumia chaji yote kwa rangi inayotakiwa. Kanuni hiyo ni ya kila mahali: kichujio ni kwa anayetaka mwanga kidogo. Anayetaka mwanga mwingi wa rangi anunue taa ya rangi.

Watafiti wa matumbawe nao wana matumizi ya kuvutia. Matumbawe mengi yakipigwa na mwanga wa bluu hutoa mwanga wake yenyewe wa kijani, chungwa au nyekundu. Mzamiaji hushika tochi ya bluu na kuvaa kichujio cha njano juu ya miwani ya kuzamia, kikazuia bluu inayorudi na kupitisha ule mng'ao tu. Kila kitu huwa cheusi, na juu ya mwamba hutokea vitone vya kijani vinavyong'aa: matumbawe machanga yenye upana wa chini ya sentimeta moja, ambayo mchana hayaonekani kati ya mwani. Kwa mwamba uliowahi kubomolewa na baruti, au uliopauka kama ilivyotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, kuhesabu vitone hivyo ni kujua kama mwamba unarudi.

Rangi ikiwa juu ya maji huwa lugha, na hapo kichujio kinaweza kuua. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Kugongana Baharini za mwaka 1972 zinataka chombo kinachokwenda usiku kionyeshe taa nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia na nyeupe nyuma. Nahodha anayeona nyekundu peke yake mbele yake anajua anatazama ubavu wa kushoto wa chombo kinachomkatiza kutoka kulia kwenda kushoto, na anapaswa kukipisha. Sasa mtu aliyekaa ndani ya ngalawa na tochi nyekundu kichwani, akigeuka huku na huku kutafuta chambo, hutoa habari za uongo kwa kila anayemwona. Kanuni hizohizo zinampa mwenye chombo kidogo njia rahisi. Chombo cha tanga kisichofika meta 7, au cha kupigwa makasia, kikishindwa kuwa na taa zote, kiwe na tochi nyeupe iliyo tayari kuonyeshwa mapema ili kuzuia kugongana. Kwa hiyo ndani ya ngalawa panahitajika tochi mbili: nyekundu ya kufanyia kazi chini ya ukingo wa chombo, na nyeupe iliyo karibu na mkono, bila kichujio, ya kumulika tanga lake meli inapokaribia. Tanga likimulikwa huonekana mbali kuliko tochi yenyewe.

Rangi zilezile hutumika kwenye maboya. Bandari ya Mtwara ina maji ya kina cha asili, lakini lango lake ni mkondo unaopinda, na nchi za Afrika hufuata mpangilio ambao chombo kinachoingia kutoka baharini huliacha boya jekundu kushoto na la kijani kulia. Bandari hiyo ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Magadi wa treni za enzi hizo walikuwa na taa ya mkononi yenye vioo vya rangi ndani yake. Kwa kuzungusha kifuniko, taa moja iliweza kusema simama, nenda au tahadhari. Hicho ni kichujio cha tochi katika umbo lake la kale, na bado tochi zenye vioo vitatu vya kugeuza huuzwa.

Zahanati ina sababu yake ya kuwa na kichujio, na safari hii ni cha bluu. Mvunaji wa mpunga anayechomwa jichoni na jani huja na jicho jekundu linalotoa machozi, na mkwaruzo kwenye kioo cha jicho hauonekani kwa mwanga mweupe. Mhudumu huweka tone la rangi iitwayo fluoresini, mgonjwa hupepesa, kisha jicho humulikwa kwa tochi yenye kichujio cha bluu. Palipochubuka hunyonya rangi na kung'aa kijani, mstari kamili, na mhudumu anajua ukubwa wa jeraha na kama lina hatari ya kuwa kidonda. Vifaa vyote hivyo huingia kwenye mfuko wa shati.

Tochi ya urujuanimno mara nyingi huchanganywa na vichujio, lakini ni kitu tofauti. LED nyeupe haitoi miale hiyo, kwa hiyo hakuna selofani ya zambarau itakayoitoa. Inahitajika tochi yenye LED yake. Kwa tochi hiyo nge hung'aa kijani-bluu kwenye kuta na kuni, jambo la maana kwa anayelala kibandani. Wapo wanaoitumia kukagua mahindi, kwa kuwa punje zenye ukungu unaotoa sumukuvu zinaweza kung'aa kijani-njano. Kutong'aa hakuthibitishi usalama. Mng'ao huo hupotea kadiri mahindi yanavyokaa, na kipimo cha kuaminika ni cha maabara.

Anayetaka kutengeneza kichujio chake hana haja ya kuagiza mbali. Kwa nyekundu, tepu ya plastiki inayotumika kuziba taa za nyuma za pikipiki na bajaji zilizopasuka ni nzuri kuliko selofani ya zawadi, kwa kuwa rangi yake imekolea na haichubuki. Selofani hukunjwa tabaka mbili au tatu na kushikiliwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa pete. Kwa kaharabu, kipande cha chupa ya dawa ya plastiki ya kahawia kinatosha. Chupa hizo hupewa rangi hiyo makusudi ili kuzuia bluu na urujuanimno zisiharibu dawa. Tochi zenye nguvu hupata joto kwenye lenzi na kuyeyusha selofani, kwa hiyo plastiki nene ni salama zaidi.

Rangi inayoonekana kwa macho haitoshi kuhakiki kichujio. Selofani nyingi nyekundu huvujisha bluu kidogo, na bluu hiyo ndogo ndiyo anayoiona kasa. Kipimo rahisi ni CD ya zamani. Chumba kiwe giza, tochi imulike upande unaong'aa wa CD kwa mshazari, na jicho litafute mistari ya rangi inayorudi. Tochi tupu itaonyesha upinde mzima. Ikiwa na kichujio kizuri chekundu, ubaki mwekundu peke yake, na mahali pa bluu na kijani pawe peusi. Pakionekana hata uzi wa bluu, huongezwa tabaka jingine. Kipimo hurudiwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa jua la pwani na chumvi hupausha rangi za plastiki, na kichujio kilichopauka huonekana chekundu kwa mtu muda mrefu baada ya kuacha kumfaa kasa.